Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Zhang Yimou

Ndugu wanachama,

Mwanzoni mwa mwaka kamati ya chama chetu cha filamu iliamua kwamba badala ya kuokota filamu za huku na huku, tumfuate mwongozaji mmoja tangu alipoanza hadi alipofikia. Tukamchagua Zhang Yimou wa China. Malalamiko yaliletwa, na nayaheshimu: waliposikia filamu za Kichina, wengi walitegemea mapigano, wakaishia kumtazama mama mjamzito anayedai mumewe aombwe radhi. Hata hivyo uamuzi ule nautetea, na sababu ni hizi.

Zhang alizaliwa Xi'an, mkoani Shaanxi, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la Kuomintang, chama kilichoshindwa na Wakomunisti vitani mwaka 1949, na doa hilo likamwandama mtoto. Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwaandama walioonekana maadui wa ukomunisti, yalipoanza 1966 masomo yalikatika. Akapelekwa kijijini kulima, kisha akatumikia kiwanda cha nguo huko Xianyang kwa miaka saba. Inasimuliwa kwamba aliuza damu ili apate kamera yake ya kwanza. Mwaka 1978 aliomba kujiunga na Chuo cha Filamu cha Beijing, akaambiwa umri umempita. Akamwandikia Waziri wa Utamaduni, akapokelewa.

Alihitimu 1982, tena katika upigaji picha, si uongozaji. Filamu ya Chen Kaige tuliyoanza nayo, Huang Tudi (Ardhi ya Manjano) ya 1984, ndiye aliyeipiga picha. Mtakumbuka jinsi ardhi ya manjano ilivyojaa karibu kioo kizima, mbingu ikabaki utepe tu juu, na watu wakaonekana wadogo kama siafu.

Lakini mtu ambaye ningependa chama hiki kimkumbuke ni Wu Tianming, aliyekuwa mkuu wa Studio ya Filamu ya Xi'an katika miaka ile. Alimwita Zhang ampigie picha filamu yake Lao Jing, hadithi ya kijiji kinachochimba kisima, akaishia kumpa na nafasi ya mhusika mkuu. Zhang hakuwa mwigizaji, ila mwaka 1987 akatwaa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Tokyo. Makubaliano yao yalikuwa kwamba baadaye naye ataongoza filamu yake mwenyewe. Riwaya ya mwandishi Mo Yan aliyoichagua Zhang ilidai shamba la mtama, na mtama hausubiri kibali cha ofisi. Wu akatafuta fedha, shamba likapandwa Gaomi, mkoani Shandong, kabla muswada haujapitishwa. Hong Gaoliang, yaani Mtama Mwekundu, ikapata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1988, filamu ya kwanza ya China kufika hapo. Mwigizaji wake mkuu, Gong Li, alikuwa bado mwanafunzi. Ni wakuu wangapi wa taasisi wangethubutu kupanda kwanza na kuuliza baadaye?

Ju Dou ya 1990 ikawa filamu ya kwanza ya China kuteuliwa kuwania Oscar. Huozhe (Kuishi) ikapata Tuzo Kuu ya Majaji katika tamasha la Cannes 1994, lakini kwao ikazuiwa kuonyeshwa. Onyesho lililozua mjadala mrefu kuliko yote, hata mlinzi akaja kutukumbusha saa, ni la filamu ya Qiu Ju, yule mama mjamzito, mshindi wa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 1992. Mkuu wa kijiji amempiga mume wa Qiu Ju teke la sehemu za siri. Fidia inatolewa, mama anaikataa, anataka maneno ya radhi. Anapanda ngazi za ofisi, wilaya hadi mjini, na sehemu kubwa ya mitaa tunayoiona ilipigwa kwa kamera zilizofichwa, wapita njia hawana habari. Sheria inapokuja kumshika yule mkuu, inamshika wakati ameshamwokoa Qiu Ju katika uzazi. Wanachama wanaofanya kazi mahakamani walinuna. Mimi nadhani Zhang hajawahi kuongoza filamu bora kuliko hiyo.

Wapenda panga walipata haki yao kwa Yingxiong (Shujaa) ya 2002. Ni filamu ya kupendeza macho, lakini muuaji anayesamehe mfalme katili kwa ajili ya umoja wa nchi ananipa shida. Mwaka 2008 mtu yuleyule aliyezuiwa akaongoza ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing; 2014 akatozwa zaidi ya yuan milioni saba kwa kuzaa watoto kuliko sheria ya uzazi ya China ilivyoruhusu; 2019 filamu yake ikaondolewa ghafla katika tamasha la Berlin. Anayemwita mpinzani na anayemwita mtu wa serikali wote wana pa kushikia.

Nawashukuru vijana waliotufasiria mazungumzo papo hapo, kwa mtindo wa vibanda vya video. Waliongeza utani wao, tukawasamehe. Mweka hazina atasoma hesabu. Nami nasisitiza tu kwamba ada zilizochelewa zilipwe kabla ya uchaguzi.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza filamu za Wu Tianming, kuishia na Bainiao Chaofeng, iliyoingia kumbi za China 2016, miaka miwili baada ya kifo chake. Inamhusu fundi wa zumari na mwanafunzi wake. Pendekezo litapigiwa kura leo, pamoja na ombi la kutenga jioni moja kwa ajili ya mapigano.