Salamu za Pasaka kwa ndugu, jamaa na marafiki

Bwana Yesu asifiwe. Wapendwa, mlio mjini na mlio kijijini, kwa niaba ya nyumba yetu nawatakia heri ya Pasaka, yenye afya, amani na baraka tele. Mungu aliyetuvusha Kwaresima atuvushe na yaliyobaki.

Mwaka umekuwa mgumu. Mama tulimzika Agosti, na hii ni Pasaka ya kwanza bila sauti yake kutuamsha kwenda ibada ya alfajiri. Bei nazo mnazijua. Jana nilikwenda buchani na hela ambayo mwaka juzi ilitosha kilo tatu, nikarudi na kilo moja na nusu.

Usiku wa Ijumaa Kuu usingizi ulinipaa. Nikachukua Biblia ya Mama, ile ambayo jalada lake alilishona kwa uzi mweusi wa cherehani, ikafunguka yenyewe Kutoka 12. Tumezoea kuhubiri kana kwamba Israeli walianza kujua sheria siku ile mbao mbili za mawe ziliposhuka. Lakini Pasaka waliamriwa wangali Misri, na Sinai walifika mwezi wa tatu baada ya kutoka. Hata Sabato waliishika kwenye mana, sura ya 16, kabla amri kumi hazijasikika.

Tena turudi nyuma zaidi. Nuhu alikatazwa kula nyama pamoja na damu yake, na kumwaga damu ya mtu. Ibrahimu alitoa zaka kwa Melkizedeki, akamtahiri Isaka siku ya 8. Yuda alimtaka Onani amwinulie marehemu kaka yake uzao kwa mjane Tamari. Wazee wetu wangemwelewa bila tafsiri. Na Mwanzo 26:5 Mungu anamshuhudia Ibrahimu kwamba alizihifadhi amri zake na sheria zake. Ibrahimu! Paulo anahesabu miaka 430 kati ya ahadi aliyopewa na Torati. Sheria zile zilikaa wapi miaka yote hiyo? Ninavyosoma mimi, zilikaa nyumbani. Baba alimwonyesha mtoto, mtoto akamwonyesha mjukuu, kwa kisu cha tohara, kwa namna ya kuchinja, kwa kile kilicholiwa na kisicholiwa.

Katika sura ile ya 12, Mama alikuwa amepigia mstari wa penseli aya ya 4 peke yake. Siyo damu ya miimoni wala mboga chungu. Ni pale panaposema kwamba nyumba yenye watu wachache wasioweza kummaliza mwana-kondoo ishirikiane na jirani aliye karibu. Nikailaza Biblia kifuani, nikalia. Maana kila Pasaka sahani ya kwanza iliyotoka jikoni kwake ilifunikwa kitambaa, ikavuka ua kwenda kwa jirani, sisi tukiwa bado tunanusa harufu tu. Hakuwahi kutueleza sababu. Tulidhani ni ukarimu wake, kumbe alikuwa anatii.

Wapendwa, tusingoje mchungaji atuandikie ubaoni. Wewe unayemjua mjane wa mtaani kwenu, unangoja amri gani? Wewe uliyenuniana na ndugu yako kwa mpaka wa shamba, Kaini aliulizwa habari za nduguye wakati hakuna hata jiwe moja lililokuwa limechongwa amri. Watoto wetu hawatakumbuka mahubiri. Watakumbuka walitumwa na sahani kwenda wapi. Kilo na nusu inagawanyika, jamani. Wale watumwa wa Misri waliambiwa wagawane wakiwa na usiku mmoja tu wa kula, viatu miguuni, fimbo mkononi.

Nawatakia tena Pasaka njema, Mungu awazidishie pale palipopungua. Jumatatu ya Pasaka tunakwenda kusafisha kaburi la Mama. Atakayeweza apite nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi. Chai itakuwepo, na sahani ya jirani itakuwa imeshatoka.