Nenda kupima ungali mzima

Morogoro,
14 Julai 2025

Mpendwa Mama Neema,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Yohana, pamoja na kile kiroba cha karanga. Ahsante sana. Nimefurahi kusikia mama mkwe amepata nafuu ya mguu na kwamba mtama wa mwaka huu haukuwaangusha. Sisi hatujambo, ila baridi ya Uluguru asubuhi inatukumbusha kuwa ni Julai.

Unasema tangu tumzike Mama Stella, aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, hulali vizuri, na kwamba kuna mtu gulioni anauza unga wa mstafeli na mlonge, anaapa kuwa ukinywa miezi mitatu saratani haikugusi. Umeniuliza ununue au uache. Acha. Mlonge ni mboga nzuri, upike ule, lakini hakuna unga wala juisi iliyothibitishwa kumkinga binadamu na saratani. Hela hiyo nina kazi nyingine ya kuipa. Ifanye nauli ya kwenda hospitali ya wilaya ukapimwe saratani hiyo, wakati huu ambapo huumwi popote.

Naomba unisikilize hapo, kwa sababu ndipo tunapopoteza watu. Miaka yangu yote ya uuguzi, kinachoniuma zaidi ni kuona wanawake wanavyochelewa kuja. Wengi wanaopokelewa Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Mama Stella alianza kuona damu baada ya kukutana na mumewe, akanyamaza kwa aibu. Baadaye akaambiwa na majirani kuwa ni mambo ya umri, akachemshiwa mizizi. Alipokubali kupimwa, mgongo ulikuwa haumpi usingizi na miguu imeanza kuvimba. Damu ile haikuwa mwanzo wa ugonjwa. Ulikuwa umeshakaa mwilini miaka.

Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania miongoni mwa saratani zote, huletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Kinaambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila aliyewahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani. Kwa hiyo mtu asikudanganye kuwa ni ugonjwa wa wahuni. Mwanamke aliyeishi na mume mmoja tangu usichana wake anaweza kuupata. Mara nyingi mwili hukifukuza kirusi wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kikigoma kutoka, huanza kubadilisha seli za pale mlangoni taratibu sana. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri inachukua miaka 15 hadi 20 mpaka iwe saratani. Kwa anayeishi na VVU bila dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Muda wote huo mwanamke hasikii kitu. Analima, anazaa, anaimba kwaya. Na muda wote huo mabadiliko yale yanaonekana kwa macho ya muuguzi aliyefundishwa, na yanaondoka. Ndiyo maana nakataa kabisa ule usemi wenu wa "nitaenda nikiumwa". Ukiumwa, ile nafasi ya dhahabu imeshapita.

Najua unaogopa kipimo chenyewe, basi nikueleze kinavyofanyika. Utapanda kitandani, mhudumu atakufunika kanga, ataingiza kifaa cha kupanulia ukeni ili auone mlango wa kizazi. Atapaka pamba yenye siki nyepesi. Unahisi ubaridi, pengine na kuwasha kidogo. Anasubiri dakika moja. Mahali penye seli zilizoharibika panageuka peupe, palipo pazima panabaki na rangi yake. Basi. Majibu unapewa hapohapo, na ukiwa huna tatizo unarudi baada ya miaka mitatu. Wakiona weupe mdogo, mara nyingi wanakutibu siku ileile kwa tiba mgando, yaani wanagandisha sehemu ile kwa baridi kali, au kwa kifaa cha joto. Hakuna kisu wala kulazwa. Utatokwa na majimaji wiki kadhaa, na utaombwa msikutane na Baba Neema kwa takriban mwezi mmoja ili kidonda kipone. Weupe ukiwa mkubwa au wa kutiliwa shaka, wanakuandikia rufaa, na hapo usikae hata wiki nyumbani.

Usiende ukiwa mwezini. Ukiona haya kuhudumiwa na mwanaume, sema tangu mapokezi kuwa unaomba mhudumu wa kike; ni haki yako, wala hutakuwa wa kwanza kuomba. Katika vituo vya serikali kipimo hiki hutolewa bure. Kinawalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wewe una 43. Yule ndugu yetu anayetumia dawa za kila siku, mwambie kwa faragha aulize CTC yake, yaani kliniki anakochukulia dawa za VVU. Hatari kwa wanaoishi na VVU ni kama mara sita ya wengine, kwa hiyo wao huanza mapema, tangu miaka 25, na hurudia mara kwa mara zaidi.

Sasa binti yako Tumaini. Ana miaka 12, na uliniandikia kuwa shuleni kuna maneno kwamba chanjo ya HPV inafunga uzazi. Maneno hayo si ya kweli. Chanjo hii inaufundisha mwili kukitambua kirusi kabla hakijafika, ndiyo maana hutolewa msichana akiwa bado mdogo. Hapa kwetu ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wa miaka 9 hadi 14. Uingereza walianza mwaka 2008, na walipowafuatilia wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imepungua kwa asilimia 87 kati yao. Mimi ningekuwa na binti wa umri huo leo ningempeleka kabla jua halijazama. Tumaini akichanjwa, atahitaji bado kupimwa akifika utu uzima, lakini atakuwa na ngao ambayo Mama Stella hakuipata.

Nije kwenye chakula, maana ndicho ulichoniuliza kwa kurasa mbili.

Nimezichambua karanga zako juzi usiku. Nyingi ni safi na tamu. Zimo chache zilizosinyaa, na nyingine zina ukungu wa kijani. Nakwambia kwa sababu nakupenda, na kwa sababu najua zile mbaya huko kwetu haziendi jalalani. Nzuri zinauzwa, na mbaya zinasagwa za kuungia mlenda au kutia kwenye uji wa watoto. Mama Neema, kati ya yote ninayokuandikia kuhusu chakula, hili ndilo la kwanza. Ukungu ule unatengeneza sumukuvu, na sumukuvu ni miongoni mwa vitu ambavyo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamevithibitisha kuwa vinaleta saratani, hasa ya ini. Haionekani, haina ladha, na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga zilizovunda. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Unaukumbuka mwaka 2016, watu wa Dodoma na Manyara walipoanza kuugua, macho ya manjano, matumbo yamejaa maji? Walikuwa 68, wakafariki 20. Yalikuwa mahindi yao wenyewe, ya ghalani mwao.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogokidogo miaka mingi haugui ghafla, ila ini lake linaharibika, na akiwa pia na homa ya ini ya B hatari inazidishwa mara nyingi. Watoto siku hizi wanachanjwa homa hiyo wakiwa wachanga, kwenye zile chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sisi wakubwa hatukuipata tukiwa wadogo. Waulize hospitali wakupime, na ukiwa huna maambukizi uchanjwe. Ni sindano tatu tu, ndani ya miezi sita.

Kwa hiyo anzeni na namna mnavyovuna. Karanga msianike kwenye udongo mtupu. Tumieni turubai au kichanja. Ile desturi ya kulowesha maganda ili kubangua kuwe rahisi iacheni kabisa, hata kama vidole vinauma, kwa sababu maji yale ndiyo yanayouamsha ukungu. Kwa mahindi, fanya hivi kabla ya kuyaweka kwenye gunia: tia punje kiasi kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, weka chumvi kavu, funga, tikisa, acha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Ikianguka yote chini, hifadhi. Ile mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa ni ghali kidogo kuliko gunia la kawaida, lakini inazuia wadudu bila dawa, na punje isiyotobolewa haipati ukungu kirahisi. Karanga na mahindi yaliyooza fukia. Usiwape kuku, usipeleke kwenye pombe, usimpe jirani.

Kuna wanaosema dona ni bora kuliko sembe, na ni kweli kwa kuwa ina makapi yanayosaidia utumbo. Lakini dona ya mahindi machafu ni mbaya kuliko sembe, maana sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Safisha mahindi kwanza, ndipo ule dona kwa amani. Na msiyaache mtama na uwele kwa kuona ni vyakula vya kimaskini. Kwa kawaida havishikwi na sumukuvu kama mahindi, na ukiongeza mlenda, majani ya kunde, mchicha, maharage, na ubuyu au papai pembeni, mlo wenu wa Kongwa unazidi chipsi na soseji zinazokimbiliwa mijini. Soseji na nyama nyingine za viwandani ziliwekwa mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa uhakika, kwa ajili ya utumbo mpana. Nyama ya mbuzi ya Jumapili haina shida. Isiwe kila siku tu, na isiungue ikawa mkaa.

Chai ya mama mkwe nayo iachwe ipoe kidogo. Vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, vinashukiwa kuchangia saratani ya koo la chakula, na ukanda wetu huu wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi kusini, ni miongoni mwa maeneo yanayoongoza kwa ugonjwa huo. Wazee wanapenda iunguze ulimi. Mpe baada ya dakika tano, hatagombana nawe kwa muda mrefu.

Baba Neema na sigara yake sina maneno mapya. Tumbaku ndiyo inayoua kwa saratani kuliko kitu kingine chochote duniani, ya kunusa na kutafuna ikiwamo. Pombe nayo, iwe ya mtama au ya chupa, huchangia saratani ya koo, ini, utumbo na titi, na kadiri inavyopungua ndivyo hatari inavyopungua. Akitaka kuacha sigara, mwambie anipigie mimi. Nitazungumza naye bila kumsema.

Ukioga, jiguse maziwa yako uyajue. Uvimbe, hata usiouma, ngozi iliyojikunja, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, hayo usisubiri mwezi upite. Wengi wanadharau uvimbe kwa kuwa hauumi, kumbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi.

Nimeandika haya yote ya chakula kwa sababu yanasaidia kweli, lakini mlo mzuri hauondoi haja ya kupima. Mama Stella alikuwa anakula vizuri kuliko sisi wote. Bustani yake uliijua. Angepata dakika kumi kitandani mwa zahanati miaka kumi iliyopita, angekuwa anavuna kunde hivi sasa. Naliandika hili huku moyo unanichoma, maana hakuna aliyemwambia kwa uwazi kama ninavyokwambia wewe.

Nimeangalia kalenda. Nane Nane mtakuwa na shughuli Nzuguni, basi wiki inayofuata, Alhamisi ya tarehe 14 Agosti, naweza kuchukua likizo nije Kongwa tuende wote hospitali. Mama Stella ameacha wadogo zake wawili. Waambie nao waje, nauli yao nitachangia. Nitumie ujumbe kwa simu ya Yohana kama tarehe hiyo utakuwa mwezini, tuisogeze.

Msalimie sana mama mkwe, Baba Neema na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Tatu