Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Mama Manyoya

Ndugu wanachama,

Katiba ya klabu yetu ya kusoma vitabu inamtaka mwenyekiti awasomee wanachama taarifa ya mwaka kabla ya uchaguzi. Mengi mnayajua, kwa hiyo nitayapita haraka. Tulikutana mara 11, na kikao kimoja kiliahirishwa kwa kukosa akidi. Ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka uliopita, na hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Tumepokea wanachama wapya na tumewaaga wawili waliohama. Kabati la vitabu sasa lina kufuli, kwa sababu vitabu kadhaa viliondoka bila kuandikwa daftarini. Aliye navyo avirudishe tu, hataulizwa neno.

Sehemu kubwa iliyobaki nimeiweka kwa ajili ya kitabu kimoja. Ukihesabu na mazungumzo ya mlangoni baada ya vikao, karibu nusu ya mwaka wetu ilikwenda kwenye riwaya hiyo. Jina lake kamili liko kwenye kumbukumbu za katibu, lakini sote tulizoea kuiita kitabu cha Mama Manyoya, nami nitaiita hivyo hivyo.

Kwa wale waliojiunga baadaye: Mama Manyoya ana miaka 63. Alipanda jukwaani Las Vegas, Marekani, mwaka 1972 akiwa binti wa miaka 19, kwenye zile shoo kubwa za ngazi ndefu, shanga na manyoya ya mbuni. Alikuwa mmoja wa wale warefu, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kutembea, kusimama na kutazamwa. Alipofika miaka 39 aliambiwa mkataba wake hautaongezwa. Miaka 24 inapita, shoo ya mwisho ya aina ile inafungwa, na wanenguaji wa zamani wanaalikwa waje washuke zile ngazi mara moja ya mwisho mbele ya watu. Kitabu kizima ni wiki tatu za kabla ya usiku huo. Tunaona goti lake linalomsumbua, tunamsikia mdogo wake aliyebaki nyumbani akimuuguza mama yao, na tunasubiri kujua kama ataitika mwaliko au atauacha.

Tangu niwe mwenyekiti sijaona kitabu kilichotugawa namna hii. Kuna waliokimaliza kwa usiku mmoja wakaja kikaoni macho mekundu. Kuna aliyekirudisha akiwa sura ya tatu, akasema hana nafasi ya kukaa na mtu anayejipenda kiasi kile. Mmoja alisema lugha yake ni tamu kuliko kitabu chochote tulichosoma, na jirani yake akajibu kwamba utamu wenyewe ndio unaomchosha, maana kila poda na kila wanja vinaelezwa kana kwamba ni sala. Nilifurahi kusikia yote mawili, na bado siwezi kusema nani kati yao alikosea.

Ugomvi mkubwa ulianzia kwenye msiba. Mama mzazi anapofariki, Mama Manyoya anatuma pesa na shada la maua, na usiku ule ule anapanda jukwaani mara mbili kama kawaida. Wengi wenu hamkumsamehe. Palisemwa maneno makali, kwamba mtu asiyemzika mamaye hana cha kutuambia kuhusu upweke wake. Ndipo dada mmoja, ambaye mwenyewe amefanya kazi za zamu miaka mingi, akasema kwa sauti ya chini kwamba ruhusa ya kwenda kuzika unaweza kuomba, lakini kupewa ni jambo jingine. Aliposema hivyo hakuna aliyezungumza kwa muda. Sidhani kama kuna aliyebadili msimamo siku ile, lakini tangu hapo aliyetaka kumhukumu mama yule alirudi kwanza kwenye ukurasa kusoma kilichoandikwa.

Wapo waliokitetea kitabu kwa sababu ya mdogo mtu. Sura yake ni moja tu, tena fupi, na kwa maoni yangu ndiyo sura iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Kila kadi ya posta inayofika kutoka Las Vegas anaibandika nyuma ya mlango wa stoo, picha ikitazama mbao, maandishi yakitazama nje. Anafua mashuka ya mgonjwa, anaingia stoo kuchukua sabuni, na kila mara anakutana na mwandiko wa dada yake. Tulibishana saa nzima. Anaficha zile taa za Las Vegas za kwenye picha kwa chuki, au anataka kubaki na mkono wa dada yake tu? Katibu ameandika kwenye kumbukumbu kwamba hatukuafikiana. Nawaomba wajumbe wa kamati ijayo wasiifute sentensi hiyo.

Baadhi yenu mlidhani mwandishi ametia chumvi, kwamba hakuna binadamu anayeshuka ngazi na mzigo ule kichwani. Tulitenga kikao kizima kulichunguza hilo, na tulichokipata nakirudia hapa kwa faida ya wote. Shoo za namna ile zilikuwepo kweli, na nyingi zilianzia Paris. Lido ilivuka bahari ikafika hoteli ya Stardust mwaka 1958. Folies Bergere ikafuata katika hoteli ya Tropicana mwaka 1959 na kudumu hadi 2009. Ya mwisho kati ya zile kubwa, Jubilee!, ilicheleweshwa na moto ulioua watu 85 katika hoteli ya MGM Grand mwezi Novemba 1980. Ilianza mwaka 1981 na kufungwa Februari 2016, na umri wa mhusika wetu unaangukia hapo hapo. Mataji ya manyoya yalikuwepo yenye uzito wa zaidi ya kilo 10. Kwa hiyo mwandishi hakutia chumvi kwenye uzito. Kama ni chumvi, aliitia kwingine.

Siku hiyo mmoja wa wanachama wetu, mama ambaye umri wake haupishani sana na wa mhusika, alisimama, akajitwika kitabu chenyewe kichwani na kwenda kwenye vile vidato vinne vya mlangoni. Alishuka bila kutazama chini. Mguu ulitangulia kukipapasa kidato, vidole kwanza, kisha kisigino, na macho yake yakabaki usoni petu. Shingo haikutikisika. Alipofika chini alikuwa anahema, na nilimwona akishika ukuta kwa kidole kimoja tu, kana kwamba hataki tuone. Kurasa mbili za riwaya zinaeleza tendo hilo hilo. Wengi waliniambia kwamba walipozisoma tena nyumbani hazikuwachosha.

Kuna ndugu aliyeshikilia kwamba mwanamke wa miaka 63 kurudi jukwaani ni ndoto ya mwandishi. Alijibiwa kwa habari ya Josephine Baker, mwimbaji na mnenguaji maarufu, ambaye Aprili 1975, akiwa na miaka 68, alipanda jukwaa la ukumbi wa Bobino mjini Paris kusherehekea miaka yake 50 ya usanii mjini humo, na akafariki siku nne tu baada ya uzinduzi. Ndugu yetu alikubali, kisha akaongeza jambo ambalo limebaki nami mwaka mzima. Alisema Baker alikuwa nyota na Mama Manyoya alikuwa mmoja kwenye mstari. Nyota husubiriwa, wa kwenye mstari hubadilishwa. Nadhani hapo aligusa kitabu hiki kinahusu nini kuliko sisi tuliokuwa tunakisifia.

Si yeye peke yake. Yule aliyekirudisha sura ya tatu alikuja kukiazima tena, akakisoma hadi mwisho akiwa bado amekasirika, na ndiye aliyetuonyesha kwa nini mhusika aliondolewa akiwa na miaka 39 na si 41. Marekani ina sheria ya mwaka 1967 inayokataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya umri, na ulinzi wake unaanzia miaka 40. Mwandishi hakuitaja popote. Ameweka tu siku ya barua, na kurasa chache mbele ameweka siku ya kuzaliwa, kisha akaondoka. Sisi tuliokipenda tulipita hapo tukifuta machozi. Asiyekipenda ndiye aliyehesabu miezi. Nayasema haya kwa wale wanaoniambia pembeni kwamba wanachama wasiopenda kitabu wasiwe wanakuja kukijadili. Mwaka huu wao ndio waliotusomea kwa makini, nami nawashukuru mbele yenu.

Sasa nifike kwenye jambo ninalodaiwa.

Mtakumbuka kikao cha kusoma kwa sauti, nilipofika sura ya tisa nikaruka kurasa nne. Ni zile kurasa ambazo Mama Manyoya anasimama mbele ya kioo bila nguo, amewasha taa zote, anajitazama. Mzee wetu mmoja alikuwa ameniomba kabla ya kikao nisizisome. Alisema uzee wa mtu si kitu cha kutazamwa, na kwamba mbele yetu wameketi watu wa rika la watoto wetu. Namheshimu sana, na hoja yake si ya kupuuza. Nilitaka amani ukumbini, nikafunua kurasa nne kwa mara moja, nikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mlitambua, kwa kuwa mlikuwa na vitabu mkononi. Yule mama aliyeshuka vidato alinyoosha mkono, akasema: “Alitazamwa miaka ishirini na hakuna aliyefumba macho. Leo anajitazama mwenyewe, sisi ndio tunaona haya?”

Nilikosea. Nimezisoma kurasa zile mara nyingi tangu siku hiyo, na hazina uchafu. Mama yule anauhesabu mwili wake kama mtu anayefunga daftari la duka. Hapa ni alama ya kamba ya taji kwenye paji la uso. Hapa ni kovu la kuanguka ngazi ya saba mwaka wake wa pili. Hapa ni mshono wa upasuaji ambao hakumwambia mtu. Begani pana michirizi ya vikamba vilivyobeba manyoya, na anaipitisha kidole polepole mmoja mmoja. Anapomaliza anazima taa moja moja, na ndipo anapoamua. Msomaji asiyezisoma hawezi kuelewa kwa nini anakwenda, na anabaki kudhani amekwenda kutafuta makofi. Wengi wenu mlimwita mtu wa kujionyesha, na naamini sehemu ya hukumu hiyo niliitengeneza mimi kwa vidole vyangu. Naomba radhi.

Kutokana na hilo, kamati inaleta pendekezo la kuongeza kifungu kwenye kanuni za vikao. Mwenyekiti asiwe na mamlaka ya kuruka sehemu yoyote ya kitabu kilichokwisha kupitishwa na wanachama. Mwanachama asiyependa kusikia sehemu fulani atangaziwe kabla, awe huru kutoka nje na kurudi bila kuulizwa sababu. Mzee wetu ameliona pendekezo hili na ameomba yaongezwe maneno “bila kutazamwa vibaya”. Tumeyaongeza. Mtalipigia kura baada ya hesabu, kabla ya uchaguzi.

Mengine ni machache. Orodha ya vitabu vya mwaka ujao iko kwa katibu, na nawaomba mpendekeze bila kujiuliza kama kitapendwa na wote. Namshukuru makamu wangu, aliyeongoza vikao viwili nilipokuwa mgonjwa. Nawashukuru waliowasomea wenzao wenye matatizo ya macho, kazi ambayo haionekani kwenye kumbukumbu zozote.

Kikao cha kwanza cha mwaka mpya kitakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi, saa kumi jioni, yeyote mtakayemchagua kuwa mwenyekiti. Kamati imeshakubaliana kwamba kitaanza na zile kurasa nne. Yule mama wa vidato ameomba azisome yeye, na ameomba taa zote ziwashwe. Mzee wetu amenipigia simu jana usiku. Anakuja, na ameniambia nimwekee kiti karibu na mlango.

Mwenyekiti