Neno "analogi" kwenye pedali za gitaa litumike kwa haki

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wapiga gitaa wenzangu wanaonunua pedali, yaani vifaa vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, kwa kuliamini tu neno "analogi" lililoandikwa kwenye tangazo. Kuwamo kwa chipu hakuthibitishi kwamba pedali ni ya dijitali, kwani hata pedali ya Tube Screamer ya kampuni ya Ibanez, ambayo ni ya analogi, hutumia chipu ya kukuza mawimbi ya umeme. La kuangalia ni kama sauti inageuzwa kuwa tarakimu mahali popote njiani: ikigeuzwa, pedali ni ya dijitali; ikibaki mawimbi ya umeme mwanzo hadi mwisho, ni ya analogi.

Pedali za mwangwi ndizo zinazoonyesha jambo hili waziwazi. DM-2 ya kampuni ya Boss, iliyotoka mwaka 1981, hupitisha sauti katika mfululizo mrefu wa kapasita, vijenzi vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, zinazopokezana chaji hiyo kama watu wanaopokezana ndoo za maji, na ndiyo maana kila mwangwi hurudi ukiwa umepungua ukali, huku muda wa kuchelewa kwake ukiishia milisekunde 300. DD-2 iliyofuata iligeuza sauti kuwa tarakimu, ikafikisha milisekunde 800 kwa mwangwi safi zaidi.

Kinachonisikitisha ni chipu ya PT2399, iliyomo katika pedali nyingi za bei nafuu: ni ya dijitali, lakini kwa kuwa mwangwi wake nao hufifia, baadhi ya wauzaji huiita analogi. Dijitali si duni, na wapo wanaoipendelea. Mnunuzi aelezwe tu ukweli kabla hajatoa fedha zake.

Mpiga gitaa,
Mombasa