Kwa mdogo wangu anayeagiza chakula kila jioni

Mdogo wangu,

Nilipokuja kwako Kasarani juzi, nilikuta makopo ya chakula cha Kichina yamepangana juu ya friji. Sikusema kitu. Ulikuwa umetoka kazini, jamu ya Thika Road imekuchosha, na macho yalikuwa yanajifunga. Lakini tangu hapo nakifikiria kile chungu cha umeme cha kupikia polepole ulichozawadiwa na chama, ambacho bado kimo ndani ya katoni. Ile nyama ya ng'ombe na brokoli unayoilipia pamoja na nauli ya bodaboda inaweza kukungoja nyumbani ikiwa moto.

Nyama kwanza. Usinunue steki. Mimi nilinunua steki laini ya bei, nikaipika kutwa, ikakauka ikawa nyuzinyuzi, na niliumia. Chungu hiki kinataka nyama ngumu. Mwambie mwenye buchari akupimie kilo moja ya bega au kidari, bila mfupa. Ile mishipa myeupe inayopita katikati huyeyuka taratibu kwa saa nyingi, na ndiyo inayoupa mchuzi uzito. Ikate vipande vya unene wa kidole, kinyume cha nyuzi zake, na usiitie ikiwa bado na barafu.

Asubuhi itie chunguni na nusu kikombe cha sosi ya soya, kikombe kimoja cha maji, vijiko vitatu vikubwa vya sukari ya kahawia, punje nne za kitunguu saumu na tangawizi iliyokwaruzwa. Chumvi acha, soya inayo ya kutosha. Utaona maji ni machache, lakini mfuniko huu unazuia mvuke, kwa hiyo mchuzi haupungui kama wa sufuria. Weka moto mdogo, saa sita hadi nane, kisha saa ya chungu ikihamishe kwenye joto la kuhifadhi chakula mpaka ufike. Jumamosi ukiwa nyumbani, moto mkubwa saa tatu au nne zinatosha. Usikifunuefunue.

Jambo moja nakusihi. Changu hujizima stima ikipotea, na ikirudi hakijiwashi. Ukirudi ukute chungu kimezimika na nyama imepoa, imwage, hata kama inanukia vizuri. Nyama iliyokaa vuguvugu kwa saa nyingi huota vijidudu, na vingine huacha sumu isiyoondoka hata uichemshe tena. Najua kilo ya nyama ni pesa. Imwage tu.

Mboga hazilali chunguni kutwa. Karoti inavumilia, lakini brokoli iliyotiwa asubuhi hupondeka na kupoteza rangi. Ukishavua viatu, koroga vijiko vitatu vya wanga wa mahindi, ule mweupe laini, si unga wa ugali, ndani ya maji baridi, umimine chunguni, upandishe moto. Mchuzi ukianza kung'aa na kushika kijiko, chemsha brokoli kwenye gesi dakika tatu tu, uichanganye na nyama pamoja na hoho. Wali uwe umeiva.

Brokoli nzuri mimi huipata soko la City Park, Parklands. Ikiwa ghali, usiache kupika. Wachina wenyewe hutumia mboga yao ya majani yenye mashina manene. Brokoli iliingia katika chakula hiki kule Marekani. Na brokoli, kabichi, mboga hiyo ya Kichina na sukuma wiki ni mmea wa aina moja, uliokuzwa na watu kwa njia tofauti. Sukuma ya mama mboga wa hapo chini, ikatwe mapana na mashina yake machanga, inakaa vizuri kabisa kwenye mchuzi huu. Nimeipika hivyo mara nyingi, na watoto humaliza.

Jumamosi nitakuja asubuhi. Toa chungu kwenye katoni, ukioshe. Nyama nitabeba mimi.

Dada yako