Kwa vijana wa kundi letu: ile skrinishoti mliyoiamini

Wanangu na wajukuu zangu,

Juzi usiku niliwasha simu nikakuta kundi linawaka moto na mweka hazina wetu keshatolewa. Chanzo ni skrinishoti moja inayomwonesha akiandika, "Ndiyo, nilizichukua zote," nanyi mkasema ni fedha za kundi. Mambo yenu huwa siyaingilii, lakini hili limenikera, maana nami nusura niamini.

Asubuhi nilimwita mjukuu wangu nikamuuliza kama kitu hicho chaweza kughushiwa. Akacheka. Akafungua tovuti ya gazeti kwenye kompyuta, akabofya kulia juu ya kichwa cha habari, akaingia kwenye msimbo wa ukurasa, akafuta maneno yaliyokuwepo na kuandika kwamba mimi nimeteuliwa kuwa waziri wa fedha. Herufi zilezile, rangi ileile, nembo ya gazeti iko juu pale pale. Kisha akaupakia ukurasa upya na uwaziri wangu ukayeyuka. Gazeti lenyewe halikuguswa. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa kwenye kioo chake tu. Lakini angepiga picha kabla, ningekuwa waziri kwenye makundi yote hadi leo.

Hakuishia hapo. Aliichukua laini yake ya pili, akaihifadhi kwa jina langu, akaiwekea picha yangu ya miwani, akajiandikia: "Nimekubali, uzeni nyumba." Mwili ulinisisimka. Zamani Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, alipotaka Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wake wa polisi wa siri, afutwe kwenye picha, ilibidi apatikane fundi. Huyu wangu alikuwa anakunywa chai.

Linalonisumbua zaidi, hata hivyo, halihitaji kughushi neno. WhatsApp hukuruhusu kufuta ujumbe upande wako peke yako, na kwenye skrini yako hapabaki alama. Sasa chukulieni mtu aliulizwa, "Zile risiti umezichukua?" naye akajibu, "Ndiyo, nilizichukua zote." Futa swali la risiti, jibu liachwe chini ya swali la jana kuhusu fedha, piga picha. Kila herufi ni yake kweli. Hilo "zi" lenyewe ni la fedha, ni la risiti, ni la funguo. Mliangalia juu ya ule ujumbe kulikuwa na nini? Mimi niliangalia: picha imekatwa, hata saa haionekani.

Tena kuna skrinishoti halali kabisa yenye uongo ndani. Novemba 2022, Twitter (sasa X) ilipoanza kuuza kwa dola 8 kwa mwezi tiki ya bluu, alama iliyokuwa ikionesha kwamba akaunti imethibitishwa, mtu alifungua akaunti kwa jina la Eli Lilly, kampuni ya dawa ya Marekani, akainunulia tiki, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Aliyepiga picha hakughushi chochote. Kampuni ikabidi iwaombe radhi waliopotoshwa.

Kwa hiyo mkiletewa chapisho la hadharani, dai kiungo, uingie mwenyewe kwenye akaunti uone. Likiwa limefutwa, jaribu Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani, ingawa haihifadhi kila kitu. Na msidanganyike kwamba likipostiwa na watu kumi basi ni mashahidi kumi. Ni picha ileile imetembea.

Mazungumzo ya watu wawili hayana kiungo. Hapo dawa ni simu mbili. Aliyeleta ile picha aje na yake, mweka hazina aje na yake, ziwekwe mezani kando kwa kando, tusome kuanzia siku ya kwanza ya mazungumzo, si kuanzia pale palipokatwa. Asiyetaka kuleta simu aseme sababu.

Kabla ya hapo, msimamizi amrudishe dada yenu kundini leo hii, asome mwenyewe mliyomwandikia. Tukutane Jumamosi saa kumi jioni. Miwani nitakuja nayo.

Mzee wenu