Kuangalia tu? Msitu wa Kakamega usiguswe hata kwa utafiti wa madini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee kuhusu msitu wa Kakamega, juu hii mambo ya dhahabu imeshika kila mtu huku magharibi, ukienda Ikolomani ni dhahabu, ukivuka Vihiga mpaka Siaya ni dhahabu, hata kwa matatu ya kutoka Kisumu watu wanabishana bei ya gramu moja. Na kila mara hakukosi mtu wa kusema chini ya ule msitu lazima kuna mali nyingi zaidi, ati si waachwe waingie waangalie tu, kuangalia sio kuchimba.

Hapo kwa kuangalia ndio naomba tuelewane.

Mtu akiskia utafiti anafikiria ni jamaa wawili na nyundo na mfuko wa mawe. Mwanzoni inaweza kuwa hivyo kweli. Lakini wakipata dalili inaletwa mashine ya kutoboa, inashuka chini mita mia na zaidi ikitoa mawe ya duara marefu kama miwa, na hiyo mashine haibebwi kwa kichwa, inataka barabara, inataka uwanja uliofyekwa, inataka maji saa zote na shimo la kumwaga tope, na wakimaliza hapo wanasonga mbele wanatoboa tena, kwa mstari, na mstari wenyewe lazima ufyekwe kwanza. Hata wakikosa kitu waende zao, barabara inabaki. Sisi tuliozaliwa kando ya msitu tunajua nani hufuata barabara ikishafunguka: mtu wa makaa, mtu wa mbao na pawasoo yake usiku, halafu ng'ombe, halafu mtu wa kupanda mahindi.

Kama kuna mtu haamini aende kilima cha Lirhanda, kiko hapo hapo ndani ya msitu upande wa Isecheno. Kuna tundu kwa ubavu wa kilima, lilichimbwa enzi za mkoloni watu wakitafuta dhahabu. Niliingia na wanangu likizo ya Aprili, mwanga wa simu tu, unainama, kuna baridi na harufu nzito ya popo, unamulika juu unawaona wamejazana, maji yanadondoka kwa mwamba tone moja moja. Kijana wangu mdogo akaniuliza, baba, mbona hawakuziba? Sikuwa na jibu. Waliochimba walienda kitambo, sijui hata walipata nini, na shimo liko pale mpaka leo.

Na hiyo ilikuwa sururu na mikono.

Wazee wetu walishapitia hii. Mwaka wa 1930 serikali ya mkoloni ilitunga sheria kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega, wazungu wakaja kwa mamia, na kufika mwisho wa 1932 sheria ikabadilishwa ili ardhi ichukuliwe kwa ajili ya madini bila mwenyewe kupewa ingine na bila hata baraza la wenyeji kuulizwa. Miaka miwili tu! Ndio maana mimi nikiambiwa msitu uko salama juu ulitangazwa kwa gazeti la serikali tangu 1933, na kaskazini ni hifadhi ya taifa tangu 1985, bado silali vizuri. Karatasi inageuka haraka sana dhahabu ikionekana.

Sisemi dhahabu ni mbaya. Mpwa wangu anashuka mashimoni Ikolomani, najua kina mama wanaoponda mawe kutwa nzima kwa pesa kidogo, na hao wanastahili vibali na usalama na bei ya haki, nje ya msitu, mahali tayari pamechimbwa. Lakini msitu wa asili ni kitu ingine kabisa. Ni kipande cha mwisho Kenya cha ule msitu mkubwa wa mvua unaotoka Kongo. Ndani kuna mti wa mwiritsa ambao watu hubambua gamba kwa dawa, kuna mti wa mutere, mzizi wa mukombero wa kutafuna, nyani mbega, yule ndege mkubwa wa bluu ambaye watalii hutoka mbali kumpiga picha. Mto Yala na Isiukhu zinapita humo kabla ya kushuka huko chini, kwa hivyo tope ikiingia huku kwetu, mtu wa Siaya atakunywa nini?

Serikali inasema tupande miti bilioni 15 kufika 2032, na mimi napanda, nimepanda kwa shamba na kwa shule. Lakini mti niliopanda sitauona ukiwa na mwili wa ile ya Isecheno ambayo watu watatu wakishikana mikono hawauzungushi, wala wanangu hawatauona.

Kwa hivyo naomba wizara ya madini, shirika la misitu KFS, shirika la wanyamapori KWS na kaunti waseme wazi kwa maandishi: hakuna leseni ya utafiti ndani ya msitu wa asili wa Kakamega wala kwa vipande vyake kama Kisere, hata ya kuangalia tu. Na kwa maeneo yanayopakana, ramani ya kila ombi la leseni ibandikwe kwa ofisi ya chifu, sio kwa mtandao peke yake, mama wa kijijini hawezi kufungua ramani kwa kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo. Baraza liitwe mapema, watu waelezwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, na isiwe siku ya soko.

Msomaji wenu,
Shinyalu, Kakamega